Zimamoto na ambulensi Lamu: kazi ya mwaka mzima, si ya siku ya moto

Moto ukiwaka mtaani, swali la kwanza huwa moja: zimamoto wako wapi? Mgonjwa akizidiwa usiku wa manane, swali ni lilo hilo, ila jina hubadilika: ambulensi iko wapi? Nimeyasikia maswali haya barazani miaka mingi. Huulizwa siku ya msiba, na kabla ya arobaini huwa yamesahauliwa. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyokwenda kwa mwaka mzima katika mji mdogo kama Lamu, sheria inasema nini, na sisi wakaazi tuna sehemu gani.

Ni kazi ya nani?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kaunti kazi zote mbili. Kuzima moto na kukabili majanga kumetajwa peke yake, na ambulensi imewekwa chini ya huduma za afya za kaunti. Kwa hivyo mlipaji ni mmoja, lakini kwa mpangilio huo ni rahisi kazi hizi kukaa katika idara mbili, kila moja na bajeti yake na simu yake.

Kwingineko wameziunganisha. Marekani, miji mingi huwa na kituo kimoja chenye gari la zimamoto na wahudumu wa dharura waliosomea matibabu, wanaoitwa paramediki. Idara ya zimamoto ya mji wa Seattle ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1970. Leo, takriban thuluthi mbili ya miito inayopokelewa na vikosi vya zimamoto nchini humo ni ya wagonjwa na majeruhi. Moto wenyewe haufiki asilimia 5. Mtu anayedhani kuwa zimamoto ni watu wa kungoja moto hajaielewa kazi yao.

Mji usioingia gari

Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa watu na punda. Ndani ya Mkomani, gari kubwa la zimamoto haliwezi kupita, hata likiwa jipya namna gani. Moto wa huko huzimwa kwa pampu ya kubebwa na mipira mirefu inayovutwa kutoka barabara ya pwani. Maji ya bahari yako karibu na yanazima moto vizuri, lakini chumvi hula pampu, kwa hivyo kila baada ya kazi ni lazima isafishwe kwa maji baridi. Umeme pia uwe umekatwa kwanza, maana maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi.

Kwa mgonjwa mambo ni hayo hayo. Safari yake huanza kwa machela au mkokoteni wa punda, kisha hospitali ya King Fahd. Akipewa rufaa ya Mombasa, huvushwa kwa boti hadi Mokowe, ndipo apande gari. Wa Faza, Siyu au Kizingitini ana safari nyingine kabla ya hiyo, na mkondo wa Mkanda haupitiki vizuri maji yakiwa yametoka. Kwetu, saa ya ambulensi hufuata pia saa ya bamvua na maji mafu.

Kalenda ya mwaka

Kaskazi, Disemba hadi Machi, ni msimu wa moto. Makuti yamekauka na upepo unavuma, na cheche moja huruka paa hadi paa. Mwaka 2009, Faza ilipoteza mamia ya nyumba kwa moto mmoja. Huu pia ni wakati wa wageni na likizo, watoto wako baharini kutwa, na miito ya waliozama haikosi.

Masika huleta mafuriko, nyaya zilizolowa na barabara zilizokatika. Masika ya 2024, maji ya Mto Tana yaliikata barabara ya Lamu na Garsen, na abiria wakavushwa kwa boti. Barabara hiyo hiyo ndiyo njia ya ambulensi.

Kusi ikikaza, Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na kazi huhamia kwa wavuvi na vyombo vilivyopinduka. Ni muhula wa pili wa shule pia, ambapo moto wa mabweni umekuwa ukitokea mara kwa mara nchini. Kanuni za usalama shuleni za 2008 zinataka madirisha ya bweni yasiwe na nondo na milango ifunguke kwa nje. Mzazi yeyote anaweza kukagua hayo kwa macho siku ya kumpeleka mwanawe.

Ramadhani huzunguka misimu yote. Kabla ya futari kila jiko lina karai la mafuta, na wakati wa daku mpishi ana usingizi. Maulidi nayo hujaza mji wageni, na penye umati pana wazee wa kuzirai na wagonjwa wa sukari waliosahau dawa.

Siku zisizo na tukio

Sehemu kubwa ya mwaka haina king'ora. Kila zamu huwasha pampu kuijaribu, hukagua mipira kama imetoboka, hupima oksijeni, huhesabu dawa na kuangalia tarehe zake. Kuna mazoezi, ukaguzi wa hoteli na maduka ya gesi, na kuandika ripoti. Pampu isiyowashwa kwa miezi mitatu haitawaka siku ya moto. Ndiyo maana idara hii hupimwa siku za utulivu.

Dakika za kabla ya msaada

Hata idara bora haifiki papo hapo, na ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi bila oksijeni. Dakika hizo ni zetu, ndugu na majirani.

Aliyeanguka bila fahamu na hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma. Aliyezama apewe pumzi za mdomo kwanza, kisha kifua. Aliyeungua, mmiminie maji safi yasiyo barafu kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na yai havifai. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, asitembezwe, apelekwe hospitali.

Karai likishika moto, zima jiko na ulifunike kwa kifuniko. Usimwage maji. Moshi ukijaa chumbani, tambaa chini utoke, na ukishatoka usirudi kufuata mali. Nambari za dharura za taifa ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Nambari ya kaunti iandikwe ukutani karibu na mlango, na mtoto wa shule afundishwe kutaja mtaa na msikiti ulio karibu.

Haki yako, na la kudai

Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inafafanua kuwa matibabu hayo ni pamoja na huduma ya kabla ya kufika hospitali, na kituo kinachokataa kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Maneno haya yana sababu. Oktoba 2015, jijini Nairobi, majeruhi mmoja alikaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda, na akafariki.

Lakini haki isiyo na mafuta ya boti haivuki Mkanda. Makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa bungeni kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ukiitwa kwenye kikao cha wananchi, nenda, na usiishie kuomba gari jipya la kukatiwa utepe. Uliza: mwaka uliopita mlipokea miito mingapi? Ya moto mingapi, ya wagonjwa mingapi? Kutoka simu hadi kufika mlitumia dakika ngapi? Pampu za kubebwa ni ngapi, na boti ina nahodha wa zamu ya usiku? Mbona zimamoto na ambulensi zisipokee simu mahali pamoja?

Na sisi tuanze na vichochoro vyetu. Mawe ya ujenzi, pikipiki na meza za biashara zinazoziba njia leo ndizo zitakazozuia machela kesho, na aliye juu ya machela huenda akawa mzee wako. Mwenyezi Mungu atukinge na tuwe wenye kujikinga pia.