Karafuu na bangi zina kemikali moja: mbona karafuu hailevyi?

Msimu wa karafuu Pemba haufichiki. Kuanzia Mkoani hadi Wete majamvi yametandazwa juani, na harufu inakufikia hata kabla hujaziona karafuu zenyewe.

Sehemu ya harufu hiyo inatokana na kemikali inayoitwa kariofilini. Kemikali hiyohiyo imo pia kwenye pilipili manga, na imo kwenye bangi. Mbwa waliofundishwa kunusa bangi hufuata harufu za aina hiyo.

Sasa mbona mtu anakula pilau halewi?

Vitasa viwili

Mmea hauna dawa moja ndani yake. Bangi peke yake ina kemikali zaidi ya 100 za jamii yake, ukiacha zile za harufu. Inayolevya ni THC, ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga wakiwa Israel mwaka 1964.

Mwilini kuna vipokezi, unaweza kuviita vitasa, na kila kemikali ni ufunguo. Kitasa cha CB1 kiko kwa wingi kwenye ubongo, na THC inakifungua. Ndiyo maana mvutaji anacheka ovyo, anasahau, moyo unamwenda mbio na wengine wanaingiwa na woga. Kitasa cha CB2 kiko zaidi kwenye seli za kinga, zile zinazohusika na uvimbe.

Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Jürg Gertsch walionyesha kwamba kariofilini inaingia kwenye CB2 lakini haiingii CB1. Ilipunguza uvimbe kwa panya bila kuwalevya. Kwa binadamu ushahidi bado ni mdogo, kwa hiyo anayekuuzia chupa akisema inatibu baridi yabisi anatangulia mbele ya sayansi.

Na kwa wenye wasiwasi: kipimo cha mkojo kinatafuta mabaki ya THC. Pilau haionekani humo.

CBD nayo?

CBD ni kemikali nyingine ya bangi, nayo hailevyi. Juni 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya CBD iitwayo Epidiolex kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni. Inatolewa kwa kipimo kulingana na uzito wa mtoto, na daktari hufuatilia ini, kwa sababu CBD inaweza kulisumbua, hasa ikichanganywa na dawa nyingine za kifafa.

Hiyo ni tofauti kabisa na kuvuta msokoto au kuchemsha majani nyumbani, ambapo hakuna anayejua ameingiza THC kiasi gani. Kisheria pia, bangi ni marufuku Tanzania Bara na Zanzibar.

Kutolevya si kutodhuru

Hapa ndipo karafuu yenyewe inapohitaji heshima. Kemikali yake kubwa si kariofilini bali ni eujenoli. Karafuu kavu ina mafuta kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo, mara nyingi asilimia 70 na zaidi, ni eujenoli. Kariofilini ni kidogo tu. Mafuta ya makonyo, yale yanayokamuliwa kwa mvuke katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake, yana eujenoli nyingi zaidi, kwa kawaida kama asilimia 90.

Eujenoli ndiyo inayotia ganzi jino. Bibi aliyeweka punje ya karafuu kwenye jino bovu hakukosea, na madaktari wa meno wanachanganya eujenoli na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Ila ganzi haiui bakteria waliokwisha ingia ndani ya jino. Maumivu yanatulia, jino linaendelea kuoza.

Tatizo ni chupa. Punje moja ina uzito wa kama gramu 0.1, kwa hiyo ina mafuta kama miligramu 15 hadi 20. Piga hesabu: kichupa cha mililita 10 kimebeba mafuta ya punje zaidi ya 500. Hakuna anayekula punje 500.

Kiwango cha eujenoli ambacho wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakikubali kwa siku ni hadi miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 10 ni miligramu 25. Tone moja tu la mafuta halisi linaweza kupita hapo, na kuna wazazi wanaompaka mtoto mafuta haya kwenye ufizi anapoota meno.

Watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10 wamewahi kupoteza fahamu na ini kuharibika vibaya. Watu wazima wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, nao wasiyanywe, kwani eujenoli inapunguza uwezo wa damu kuganda.

Mtoto akinywa, usimtapishe na usisubiri dalili. Mpeleke hospitali na chupa yake. Madaktari wana dawa ya kulinda ini, ileile inayotumika kwa aliyezidisha paracetamol, na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.