Barabara Haikufungwa

Tarehe 12 Mei 1957, karibu na mji mdogo wa Guidizzolo kaskazini mwa Italia, tairi la Ferrari iliyokuwa ikiendeshwa na Mhispania Alfonso de Portago lilipasuka. Gari lilitoka barabarani likaua watazamaji 9, watano kati yao watoto, pamoja na Portago mwenyewe na mwelekezi wake, Edmund Nelson. Hayo yalikuwa mashindano ya Mille Miglia, takriban kilomita 1,600 kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, ambayo miaka miwili kabla yake Stirling Moss na Denis Jenkinson walikuwa wameyamaliza kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48: wastani wa zaidi ya kilomita 157 kwa saa kupitia katikati ya miji, madarajani na milimani. Baada ya Guidizzolo serikali ya Italia ilisema basi. Enzo Ferrari alifikishwa mahakamani, akaachiwa mwaka 1961, lakini mbio za namna ile hazikurudi. Ufaransa ilikuwa imefika hapo miaka 54 mapema, pale mashindano ya Paris hadi Madrid ya Mei 1903 yaliposimamishwa Bordeaux baada ya washindani na watazamaji kadhaa kufa, Marcel Renault akiwa mmoja wao, na magari yakarudishwa kwa treni. Mwaka huo wa 1957, Nairobi, Safari Rally ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Barabara zake hazikuwahi kufungwa hata kwa magari mengine, kama zilivyofungwa zile za Italia, na hali iliendelea kuwa hivyo hadi mwaka 2002.

Wanaoielezea Safari huanza na matope, masika, vumbi linaloingia hadi kwenye meno, twiga na punda milia wanaokatiza njia. Yote ni kweli, na yote yamesimuliwa mno. Lakini matope yako kwingi duniani. Kilichoitenga Safari na karibu mashindano mengine yote ya ubingwa wa dunia ni jambo la kisheria kuliko la hali ya hewa: gari lililotengenezwa kwa kasi lilikimbizwa katika barabara ambayo wakati huo huo ilikuwa na matatu, basi la abiria, mama aliyebeba kuni na kijana anayeswaga ng'ombe. Dai langu ni kwamba jambo hilo halikutokana na uchakavu wa barabara wala na ukubwa wa nchi. Lilitokana na makubaliano ambayo hayakuwahi kuandikwa kuhusu nani abebe hatari ya kasi, na makubaliano hayo yalianza chini ya ukoloni, yakarithiwa na serikali huru, yakadumu nusu karne kwa sababu wengi waliokuwa na sauti walifaidika nayo.

Mwanzo wake unajulikana vizuri. Walowezi wa Kenya waliopenda mbio walikuwa na uwanja wao wa Langa Langa, karibu na Gilgil. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Eric Cecil, alipomshawishi binamu yake Neil Vincent ashindane pale, Vincent alikataa kwa kuwa kuzunguka kona zile zile kulimchosha. Alitaka mbio za kuvuka nchi. Kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili kukatoa kisingizio, na mwishoni mwa Mei 1953 Coronation Safari ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya kawaida, yamegawanywa kwa bei zake dukani. Sasa tuitazame tarehe hiyo kutoka upande wa pili. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Katika sehemu za Mkoa wa Kati Mwafrika alihitaji kibali ili asafiri, na usiku palikuwa na amri ya kutotoka nje. Basi katika mwezi ule ule ambao mkulima wa Nyeri alizuiwa kwenda alikotaka, walowezi walipewa barabara za nchi tatu mchana na usiku kwa ajili ya mchezo. Sisemi Cecil na wenzake walikusudia dhihaka. Nadhani hata hawakuliwaza, na hilo ndilo linalonishughulisha zaidi: hakuna aliyeona haja ya kufunga barabara kwa sababu watu waliokuwa wakiitumia hawakuhesabiwa miongoni mwa watu wa kuulizwa.

Namna mashindano yalivyoendeshwa ilizidisha jambo hilo. Dereva hakupimwa katika vipande vifupi vilivyotengwa, kama ilivyokuja kuwa desturi ya Ulaya. Alipewa muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na mara nyingi muda huo ulikuwa mfupi kiasi kwamba hakuna ambaye angeutimiza; aliyechelewa dakika chache kuliko wenzake ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo kila kilomita kati ya vituo, ikipita sokoni au mbele ya shule, ilikuwa kilomita ya kukimbilia. Maelfu ya kilomita kwa namna hii yaliua magari kwanza. Mwaka 1963 yalianza 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7, na miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Hapa pana kejeli ambayo mashabiki wa magari ya michezo hawapendi kukumbushwa. Porsche 911 ilijaribu mara nyingi ikaambulia nafasi ya pili, mwaka 1974 nyuma ya Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh na mwaka 1978 nyuma ya Peugeot 504. Lancia Stratos, gari lililobuniwa kwa ajili ya mbio na si kwa kazi nyingine, lilishindwa mwaka 1975 na 504 ya Ove Andersson. Datsun 240Z ndiyo iliyovunja mwiko, ikashinda 1971 na 1973. Hadi Hannu Mikkola na Gunnar Palm waliposhinda kwa Ford Escort mwaka 1972, hakuna dereva aliyetoka ng'ambo aliyekuwa ametwaa Safari.

Uhuru ungeweza kubadili mambo. Haukubadili, na sababu si ngumu kuiona. Watengenezaji wa magari kutoka Ufaransa, Japani, Ujerumani na Italia walikuja kwa sababu gari lililomaliza Safari liliuzwa bila maneno mengi. Peugeot ile ile iliyoshinda ndiyo iliyobeba abiria kati ya miji ya Kenya kwa miaka mingi, na Datsun ilijenga jina lake Afrika Mashariki kwenye vumbi lile lile. Marais nao waliona faida. Kenyatta na baada yake Moi walipeperusha bendera ya kuanzisha mbio, na kila Pasaka picha za Nairobi zilienda duniani bila serikali kulipia tangazo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipodhoofika, hatimaye ikavunjika mwaka 1977, mbio zilikuwa zimebaki Kenya peke yake, na Kenya ilizishikilia kwa nguvu zaidi kama mali ya taifa. Katika hesabu hiyo, kufunga barabara kungekuwa gharama. Kuiacha wazi hakukuwa na bei kwa yeyote aliyekaa mezani.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko yote uko kwenye vifaa vyenyewe. Mbele ya gari la Safari palifungwa vyuma vizito vya kukinga, ili ng'ombe au swala akigongwa, rejeta ibaki salama na safari iendelee. Taa za ziada zilielekezwa pembeni ili mnyama aonekane mapema. Kisha timu tajiri zikaleta helikopta: iliruka mbele ya gari, na aliyekuwa ndani yake alimwonya dereva kwa redio kwamba kuna lori linakuja, kuna ng'ombe darajani, kuna watu kwenye kona. Helikopta ile ni ungamo. Inathibitisha kwamba timu zilijua barabara haikuwa tupu na haikutarajiwa kuwa tupu, hasa kuanzia miaka ya 80 ambapo Toyota Celica yenye injini ya turbo iliweza kupita kilomita 200 kwa saa kwenye murram. Lakini onyo lilikwenda upande mmoja. Dereva aliambiwa kuna mchungaji; mchungaji hakuwa na redio ya kumwambia kuna dereva. Na timu ambayo haikuweza kukodi helikopta iliingia kwenye kona zile zile bila jicho la juu. Usalama ukawa bidhaa ya anayeweza kulipa, jambo ambalo waandaaji wa mchezo wowote wanaofunga njia hawaliruhusu, kwa sababu wao huanza kwa kumwondoa asiyeshiriki.

Nitajibiwa kwamba watu wenyewe waliipenda, na jibu hilo halipuuziki. Walijipanga kando ya njia tangu alfajiri, walisukuma magari yaliyokwama matopeni na kulipwa, walijua majina ya madereva kama yalivyojulikana ya wachezaji wa kandanda. Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976, aliitwa Simba, na ilikuwa sifa ya kweli kwa fundi Mhindi ambaye jamii ya walowezi isingemtazamia awe shujaa wa nchi. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na ambaye familia yake ilihamia Kenya mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Bert Shankland wa Tanzania alitwaa 1966 na 1967. Mkenya Patrick Njiru alipomaliza wa nne mwaka 1994, shangwe ilikuwa kubwa. Furaha hiyo haikuwa ya kulaghaiwa. Ila kupenda kutazama ni jambo moja, na kukubali gari lipite kwa kasi hiyo mtoto wako anapotoka dukani ni jingine. La pili halikuwahi kuulizwa. Waitaliano nao waliipenda Mille Miglia kwa mamilioni, na watoto wa Guidizzolo walikuwa pale kwa sababu waliipenda. Mapenzi ya watazamaji yanaeleza kwa nini walisimama karibu. Hayaelezi kwa nini njia iliachwa wazi.

Pingamizi la pili ni la hesabu: mabasi na malori ya kila siku yaliua, na bado yanaua, watu wengi kuliko Safari ilivyowahi kuua katika miaka yake yote. Ni kweli, na kwa hiyo sidai kwamba mashindano ndiyo yalikuwa janga la barabara za Kenya. Nadai kitu chembamba zaidi. Dereva wa basi anayekwenda mbio anavunja sheria, na akikamatwa hushtakiwa. Dereva wa Safari alikwenda mbio zaidi kwa idhini, mbele ya polisi waliokuja kumpungia mkono. Sidhani ni haki kuibebesha Safari tabia za madereva wa matatu, ingawa walimwengu wa Nairobi wamekuwa wakitania hivyo miaka nenda rudi. Lakini ni vigumu kuiambia nchi kwamba barabara ni ya wote na mwendo una kikomo, ilhali sikukuu kubwa ya mwaka inaonyesha kwamba kikomo huondolewa kwa mwenye gari zuri.

Linabaki pingamizi la waandaaji, ambalo ndilo lenye nguvu: kilomita 5,000 hazifungiki, hakuna nchi yenye polisi wa kutosha. Nakubali kwamba hazifungiki. Ila kilomita 5,000 hazikushuka kutoka mbinguni. Zilichaguliwa, na zilichaguliwa kwa sababu njia ilikuwa ya bure. Urefu ulioitwa roho ya Safari ulikuwa vilevile matokeo ya kutolipa. Hilo lilidhihirika kuanzia katikati ya miaka ya 90, wakuu wa mchezo duniani walipotaka mashindano mafupi yanayolingana na mengine: Safari ilikatwa, ikabaki ya siku tatu, na bado Colin McRae aliposhinda kwa mara ya tatu mwaka 2002, barabara zilikuwa wazi na helikopta ziko juu. Baada ya hapo Kenya ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia, kwa sababu za fedha na maandalizi, usalama nao ukitajwa.

Iliporudi Juni 2021, Sébastien Ogier akishinda kwa Toyota, vipande vya mashindano vilikuwa takriban kilomita 320 kwa jumla, na vyote vilifungwa. Wazee wa Safari husema hii si ile, nao wana haki: dereva wa sasa hahitaji kukesha, wala gari lake halihitaji kustahimili nchi nzima. Kuna hasara nyingine wasiyoitaja sana. Sehemu kubwa ya mashindano sasa hupita ndani ya mashamba na hifadhi za watu binafsi karibu na Naivasha na Elmenteita: Kedong, Loldia, Oserian, na Soysambu ya ukoo wa walowezi wa Delamere, yaani kwa wale wenye geti la kufunga. Mtu wa Machakos au Taita aliyekuwa akiona magari yakipita mlangoni pake lazima sasa asafiri ili ayaone. Kati ya kipande kimoja na kingine, hata hivyo, magari yale yale hurudi kwenye lami pamoja na matatu na malori, yakiwa na namba za usajili, na mwendo ulioandikiwa kila mtu unayahusu pia; anayeuzidisha hutozwa faini.