Mninga na mkurungu: majina ya mbao na kibali cha CITES

Pterocarpus ni jenasi ya miti ya maua katika jamii ya kunde. Ina spishi zaidi ya 30 katika nchi za joto, na baadhi yake ni miti ya asili ya Afrika. Jina hilo la Kigiriki lina maana ya tunda lenye bawa, kwani ganda la mbegu ni la duara na limezungukwa na utando mwembamba. Maua ni ya manjano, na gome la mninga likikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu.

Majina sokoni

Pterocarpus angolensis huitwa mninga nchini Tanzania, umbila Msumbiji, mlombwa Malawi na mukwa Zambia na Zimbabwe. Hupendwa kwa samani na milango kwa sababu mbao zake hazipindi kirahisi. Pterocarpus tinctorius ni mkurungu kwa Watanzania na mukula kwa Wazambia. Mbao zake nyekundu hununuliwa sana na China.

Sheria ya kimataifa

Jina hubadilika mpakani, lakini mkataba wa CITES hufuata jina la kisayansi. Mkurungu uliingizwa katika Kiambatisho cha II mwaka 2019. Mkutano wa Panama wa Novemba 2022 uliongeza spishi zote za Pterocarpus za Afrika, mninga ukiwemo, kuanzia tarehe 23 Februari 2023.

Kiambatisho hicho hakipigi marufuku biashara. Kinataka kibali cha CITES kutoka nchi mzigo unakotoka, kitolewe kabla ya kuvuka mpaka. Kibali kimoja ni cha shehena moja, na hudumu kwa muda usiozidi miezi 6. Kinahusu magogo, mbao, vinia, plaiwudi na mbao zilizorandwa kwa mifereji. Samani zilizokamilika hazimo.

Kwa wasafirishaji

Mbao za Zambia zinazopitia bandari ya Dar es Salaam zinahitaji kibali cha Zambia. Hati ya nchi ya kupita haichukui nafasi yake. Aidha, kibali cha CITES hakiondoi sheria za ndani: nchi inaweza kuzuia uvunaji au usafirishaji wa magogo kwa wakati wake.

Kabla ya kupakia, dereva na wakala wahakikishe kuwa jina la kisayansi, ujazo na aina ya bidhaa vinalingana katika hati zote. Kuandika "mbao ngumu" pekee hakutoshi, na shehena isiyo na kibali huweza kutaifishwa.