Kipande Kimoja na Ree Mbili

Mwaka 1982, katika mashindano ya poka kwenye kasino ya Binion's Horseshoe mjini Las Vegas, Jack Straus alisukuma vipande vyake vya kamari katikati ya meza, akashindwa, akainuka aende zake. Huyu alikuwa Mtexas mrefu wa karibu mita mbili, ambaye wenzake walimwita Treetop, kilele cha mti. Hadithi inayosimuliwa mpaka leo ni kwamba kabla hajaondoka alikiona kipande kimoja cha dola 500 kimejificha chini ya leso ya karatasi. Kwa kuwa hakuwa ametamka kwa mdomo kwamba anaweka vyote, aliruhusiwa kuketi tena. Washindani walikuwa 104. Alibaki yeye, akammaliza Dewey Tomko kwa ree na kumi dhidi ya ree na nne, na kuondoka na dola 520,000.

Tangu hapo wacheza poka wana msemo wao: ukiwa na kipande na kiti, bado umo. Msemo huo uliwafariji wengi, na wengine uliwaponza.

Tatizo la mchezaji aliyeishiwa lilikuja na mashindano. Katika poka ya kawaida ya fedha taslimu, mwenye rundo dogo hutia mkono mfukoni akanunua vipande vingine. Na hata asipokuwa na kitu mfukoni, kanuni ya zamani humlinda: hawezi kufukuzwa kwenye mchezo kwa dau asiloliweza. Huweka alichonacho, akagombea sehemu ile tu, na wenye navyo wakaendelea kushindania dau la pembeni. Benny Binion, mwenye kasino ile ya Horseshoe, alipoanzisha mashindano yake mwaka 1970, bingwa wa kwanza, Johnny Moss, alipatikana kwa kura za wachezaji wenzake. Mwaka uliofuata utaratibu ukabadilika: kila mmoja anaanza na rundo sawa, na vikimwishia ametoka.

Kilichokaza kitanzi ni madau ya lazima. Katika kila mgao watu wawili hulipa kabla hata ya kuona karata zao, na kadiri saa zinavyokwenda kiasi hicho hupandishwa. Rundo lililokuwa nono asubuhi huwa si kitu jioni, hata kama mwenyewe hajapoteza mgao wowote mkubwa. Anayengoja ree mbili atangoja sana, kwani huja kwa wastani mara moja katika migao 221.

Jibu la tatizo hili halikuanzia kwenye meza ya poka. Paul Magriel alikuwa mwalimu wa hesabu huko New Jersey na bingwa wa bakgamoni, mchezo wa dadu ambao aliuandikia kitabu maarufu mwaka 1976. Alipohamia kwenye poka alikuja na hesabu rahisi: jumlisha madau yote ya lazima ya mzunguko mmoja, kisha gawanya rundo lako kwa jumla hiyo. Jibu ni idadi ya mizunguko unayoweza kuketi bila kufanya lolote. Dan Harrington, bingwa wa mwaka 1995, aliieneza hesabu hiyo duniani kupitia vitabu alivyoandika pamoja na Bill Robertie, naye pia bingwa wa bakgamoni. Akaiita M, kwa heshima ya Magriel.

Harrington aliipaka rangi. Mwenye M ya 20 na zaidi yuko kijani, acheze apendavyo. Kati ya 10 na 20 ni njano, kati ya 6 na 10 ni rangi ya chungwa, na kati ya 1 na 5 ni nyekundu. Chini ya 1 aliita eneo la wafu.

Chukua mchezaji mwenye vipande 6,000 wakati madau ya lazima ni 400 na 800. M yake ni 5, naye ameshika wafalme wawili. Zamani angepandisha dau kwa adabu mpaka 2,400. Lakini akifanya hivyo anabakiwa na 3,600, na mpinzani akimjibu kwa rundo zima, atatakiwa kulipa hizo 3,600 kugombea 9,600. Hawezi tena kutupa karata. Kwa hiyo uamuzi alishaufanya bila kujua, na mpinzani ndiye aliyechagua lini aubane. Vitabu vya kizazi cha Harrington vilimwambia asukume vyote mapema, awe yeye wa kwanza, ili wenye karata za katikati waogope.

Ree mbili ndizo zilizoleta ubishi. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban mara 85 katika 100. Dhidi ya tisa, takriban mara 31 tu. Mcheza fedha taslimu angefurahi kufuatwa na wote tisa, maana mara 31 za dau lililozidi mara kumi ni faida kubwa kuliko mara 85 za dau maradufu. Kwenye mashindano, mara 69 zilizobaki ni safari ya nyumbani. Mason Malmuth alikwishaonyesha mwaka 1987 kwamba thamani ya vipande vya mashindano haipandi sawasawa na idadi yake: kile unachopoteza kina uzito zaidi kuliko kile unachoongeza, hasa zawadi zinapokaribia. Kwa hiyo mwenye rundo dogo aliyeshika ree hutaka mfuasi mmoja, si kundi.

Wengine huzificha kwa kupandisha kidogo, ili mpinzani aingie. Hila hiyo hufaa mara moja. Aliyekuwa akisukuma vyote kwa karata za wastani, ghafla akapandisha kwa unyenyekevu, ameshawaonyesha wenzake karata zake. Ndiyo maana wengi husukuma ree kama wanavyosukuma nane mbili.

Mwaka 2006 Bill Chen na Jerrod Ankenman walichapisha majedwali ya kusukuma au kutupa kwa wachezaji wawili waliobaki, yaliyokokotolewa kwa nadharia ya michezo. Ukiwa na rundo dogo, sehemu kubwa ya uamuzi ikawa jambo la kukariri.

Straus hakuyaona majedwali hayo. Alifariki Agosti 1988, akiwa na umri wa miaka 58, akiwa katikati ya mchezo wa madau makubwa kwenye kasino moja karibu na Los Angeles.