Sange 2010: hata wafu wanahitaji mpango

Tarehe 2/7/2010 lori ya mafuta ilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi. Wengine walikuja kuchota mafuta, wengine walikuwa wanatazama Kombe la Dunia. Moto uliua watu zaidi ya 230. Majeruhi walipelekwa Uvira na Bukavu. Maiti nyingi ziliungua hata hazikutambulika. Zikazikwa katika makaburi ya pamoja.

Mimi nilisoma agronomia: kila gunia la mbegu tunaliandika namba. Basi hospitali za kando ya barabara kubwa ziweke vitanda vya dharura, lakini pia mifuko ya maiti, namba, kamera na daftari. Bila jina, mjane ataomba vipi cheti cha kifo? Ninyi wa afya, huko kwenu mpango huo uko?