Akiba ya Elimu: Watu Walioipa Kompyuta Uso

Mwanafunzi mpenzi, huenda umepata kuuliza, au umemsikia mwenzako akiuliza: mtu aliyekwisha pata shahada ya kwanza ya chuo kikuu hurudi darasani kutafuta nini tena? Swali hili si la kipuuzi. Karo ni nzito, miaka haimngoji mtu, na wazazi wana haki ya kutazamia matunda ya jasho lao. Lakini jibu lake halipatikani kwa maneno matupu; hupatikana kwa kutazama mambo yaliyotendeka. Basi tuitazame pamoja historia ya kitu ambacho vidole vyako vinakijua sana: uso wa kompyuta, yaani zile picha na alama ambazo mtu huziona katika kioo na kuzigusa ili mashine imtumikie.

Katika miaka ya 1950 watumiaji wengi wa kompyuta hawakuujua uso kama huo. Aliyetaka kufanyiwa hesabu alitoboa matundu katika kadi, akawakabidhi wahudumu wa mashine, kisha akaenda zake kungoja. Kompyuta ilikuwa kama hakimu aliyejifungia chumbani: wenye mashauri walipeleka barua zao mlangoni, lakini uso wake hawakuuona.

Mmoja wa waliofungua mlango huo alikuwa mwanafunzi. Ivan Sutherland, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1938, alikuwa na shahada mbili alipoingia chuo cha MIT kusomea ya tatu, yaani ya udaktari. Tasnifu yake ya mwaka 1963 ilieleza programu aliyoiita Sketchpad. Kwa kalamu ya nuru mtu aliweza kuchora moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta iitwayo TX-2. Mistari iliyokwenda upande aliweza kuiamuru iwe sambamba, nayo ikawa sambamba. Na picha ya asili ilipobadilishwa, nakala zake zote zilibadilika pamoja nayo. Mtu na mashine walizungumza kwa michoro, ana kwa ana.

Tazama sasa jinsi mbegu moja inavyozaa nyingine. Mwaka 1966 kijana Alan Kay, aliyekuwa amesoma hisabati na elimu ya viumbe, aliingia Chuo Kikuu cha Utah. Mwalimu wake, David Evans, alimpa tasnifu ya Sutherland aisome. Kay aliisoma, na mawazo yake yakageuka. Mwaka 1968 alimtembelea mtaalamu Seymour Papert, akaona watoto wadogo wakitumia kompyuta, naye akatambua kwamba mashine hii haifai kuwa mali ya mabingwa peke yao. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1969, kisha akafanya kazi katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California. Katika maabara hiyo ndimo kompyuta ya Alto ilimozaliwa mwaka 1973, ikiwa na kipanya cha kuelekezea na madirisha katika kioo chake.

Labda utasema: hao walisomea mashine, si ajabu wakafanya kazi ya mashine. Basi msikilize wa tatu. Susan Kare hakusomea kompyuta hata kidogo. Alisomea sanaa, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1978. Tasnifu yake ilihusu sanamu za kuchekesha, zile zinazokuza sifa moja ya mtu au kitu hata kila mtazamaji akakitambua. Wangapi wangeicheka elimu hiyo na kuiita hasara? Lakini wahenga walisema akiba haiozi. Rafiki yake tangu shule ya sekondari, Andy Hertzfeld, alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiunda kompyuta ya Macintosh katika kampuni ya Apple, nao walihitaji mtu mwenye jicho la msanii.

Kare alinunua daftari la karatasi ya miraba. Kila alama ilipewa nafasi ya miraba 32 kwa 32, yaani vitone 1,024, vyeusi na vyeupe tu. Aliviweka kimoja kimoja, kama mtu atungaye shanga. Ndipo zikatokea saa ya mkono ya kumwambia mtu angoje, pipa la taka la kutupia visivyotakiwa, na kompyuta ndogo yenye tabasamu. Macintosh ilitolewa mwezi wa Januari 1984, na watu wasiojua lugha ya mashine wakaielewa kwa kuitazama. Ustadi wa kuonyesha mengi kwa machache ulikuwa ule ule aliouchunguza katika sanamu.

Usidhani, msomaji, kwamba cheti ndicho kilichotenda haya. Kare hakuajiriwa kwa sababu ya cheti chake, wala wako wengi waliofika katika kazi hiyo kwa njia nyingine. Lakini masomo ya juu yaliwapa watu hawa watatu vitu viwili adimu: muda wa kulishughulikia jambo moja mpaka kiini chake, na walimu na maandishi ya kuwashika mkono.

Kazi hiyo haijaisha. Mtazame bibi asiyejua kusoma akimpa mjukuu simu yake ili amsomee ujumbe wa fedha zake mwenyewe. Siri ya bibi imekuwa mikononi mwa mtu mwingine, kwa sababu uso wa simu ile haukuchorwa kwa ajili yake. Nani atakayemchorea? Huenda ni mtu wa hesabu, huenda ni mchoraji, huenda ni mwanafunzi wa lugha. Huenda ni wewe. Basi somo unalolipenda usilidharau kwa kuwa leo hujaona soko lake. Lisome mpaka ulijue, uliweke akiba.