Kilo au debe? Ubishi wa vipimo sokoni na jinsi ya kutopunjwa

Ingia soko lolote Tanzania uulize bei ya mahindi. Wa kwanza atakutajia ya kilo, wa pili ya debe, wa tatu ya sado. Ukiuliza ipi ni nafuu, umeanzisha ugomvi. Timu kilo wanasema mzani hauna undugu. Timu debe wanajibu kwamba bibi zetu hawakuwa na mzani na watu walishiba.

Kabla hujachagua upande, vijue vipimo vyenyewe.

Kibaba na pishi
Vipimo vya zamani vya Pwani vya kupimia nafaka. Vibaba 4 ni pishi 1. Ndicho kibaba kile cha "haba na haba hujaza kibaba".

Shubiri, dhiraa na pima
Hivi unatembea navyo mwilini. Shubiri ni kiganja kilichotanuliwa, ncha ya kidole gumba hadi kidole kidogo. Dhiraa, au mkono, ni kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pima ni mikono yote miwili ikinyooshwa. Ushauri: kamba ya kupima kwa mikono, mtume mjomba mrefu.

Frasila
Kipimo cha uzito cha wafanyabiashara wa karafuu Zanzibar. Ni pauni 35, yaani kilo 16 hivi.

Debe
Asili yake ni bati la mafuta ya taa la galoni 4, sawa na lita 18. Siku hizi wengi wanatumia ndoo ya lita 20. Mahindi makavu yakisawazishwa juu, ndoo hiyo inabeba kama kilo 15. Ikijazwa mlima, hesabu nyingine.

Sado
Ndoo ndogo ya lita 4. Sado 5 zinajaza ndoo ya lita 20. Majirani zetu Kenya wana gorogoro, kopo la kama kilo 2 za mahindi.

Kilo
Msijisifu sana, timu kilo. Hadi Mei 2019, kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha madini kilichofungiwa karibu na Paris. Sasa inakokotolewa kwa kanuni ya fizikia.

Utani unaishia kwenye lumbesa
Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo, likaongezewa kichwa na kushonwa kwa kamba. Mkulima wa viazi au vitunguu analipwa bei ya gunia moja. Mnunuzi akifika mjini, mzigo uleule unauzwa kwa kilo.

Piga hesabu. Gunia la kilo 100 likijazwa hadi 130, kilo 30 zimeondoka bure. Kwa magunia 10 ni kilo 300. Hayo ni magunia matatu, pengine ada ya mtoto muhula mzima.

Sheria ya Tanzania hairuhusu mazao kufungashwa zaidi ya kilo 100 kwa gunia. Wanaosimamia ni Wakala wa Vipimo, WMA.

Fanya hivi
1. Ukiuza kwa gunia, pima kwanza kwa mzani, hata wa kuazima. Bei ipangwe kwa kilo.
2. Ukinunua kwa mzani, hakikisha unasoma sifuri kabla mzigo haujawekwa, na uangalie kama una stika ya WMA.
3. Ukinunua kwa debe au sado, angalia ndani. Ndoo iliyobonyezwa kitako inakula chakula chako.
4. Kubalianeni kabla ya kupima: inasawazishwa au inajazwa mlima?

Nani ameshinda basi? Kwa jirani anayekuongezea konzi moja juu, debe halina shida. Kwa mnunuzi aliyekuja na lori, dai kilo.